Nani Ampe Mgeni Jina

Hapo zamani, wakati maji yalikuwa yakipanda mlima juu ya vichwa vya wanawake, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwambago. Kisima kilikuwa bondeni. Nyumba zilikuwa juu. Katikati palikuwa na jabali, na mwanamke aliyejikwaa pale na mtungi alirudi chini kuanza upya. Kwa hiyo watu wa Kwambago hawakumwaga maji ovyo.

Wakati wa chakula, maji ya kunawa yalitiwa ndani ya bakuli moja la udongo. Bakuli lilianzia kwa mkubwa wa nyumba. Akanawa. Likaenda kwa anayemfuata. Akanawa. Likaenda kwa anayemfuata huyo. Likashuka hivyo hivyo, kwa wajomba, kwa wake, kwa vijana, mpaka likamfikia mtoto wa mwisho, naye akatumbukiza mikono humo humo akanawa. Hakuna aliyeona ubaya. Watu walisema mikono ya wakubwa huacha baraka ndani ya maji, na anayenawa mwisho huzibeba zote. Mtoto akikunja uso, mama yake alimwambia, "Nawa, mwanangu. Utaziacha baraka za babu yako zimwagwe?"

Kwambago walikuwa na desturi nyingine. Mtoto aliyezaliwa hakupewa jina. Aliitwa Mgeni. Alinyonya akiwa Mgeni, akatambaa akiwa Mgeni, akasimama dede akiwa Mgeni. Alipoachishwa ziwa, masika yakaja yakapita, tumbo la kuendesha lisimwondoe, ndipo alipokalishwa kwenye sinia pamoja na watu na kupewa jina. Wenyewe walisema: humpi jina mtu ambaye hajakwambia kama anakaa au anapita. Na wageni wengi walipita.

Kutoa jina ilikuwa heshima. Aliyelitoa alikuwa mzazi wa pili wa mtoto. Alimpa jina la mtu wake, na mtu huyo, hata kama yuko kaburini, akapata wa kumwitikia.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke akiitwa Chausiku. Hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine ng'ambo ya bonde, na watu walipomuuliza Chausiku habari zake, alijibu, "Hajambo. Mwenzangu anamlea." Mama yake aliitwa Mwanamvua, naye alikwisha kufa. Pale Kwambago hapakuwa na mtoto hata mmoja mwenye jina hilo. Chausiku hakulizungumza jambo hili na mtu. Lakini kila Mgeni alipopewa jina, alisimama karibu akasikiliza litakalotajwa. Likitajwa jingine, alipiga vigelegele kama wenzake, kisha akarudi nyumbani.

Wakati wa kilimo, kina mama walimwachia Chausiku watoto wao. Uani kwake walikuwapo watoto, kuku na mbuzi, na asubuhi ikiendelea ilikuwa kazi kuwatofautisha. Watoto walifinyanga vinyesi vya mbuzi wakaviita maandazi. Walichimba minyoo wakaichezea. Kisha mihogo ikiiva, walinyoosha mikono.

"Onyesha kiganja," Chausiku alimwambia mmoja wao, jina lake Sufiani.

"Safi, shangazi. Nimejipangusa."

"Umejipangusa kwa nini?"

"Kwa mbuzi."

Siku hiyo Chausiku alishusha chungu cha mihogo akakifunika. Akawaambia watoto kwamba mihogo imegoma. Haitaki kushikwa na watu isiowajua. Wakauliza, "Tufanye nini itujue?" Akatwaa kata ya maji na majivu kidogo, akawapanga mstari. Yeye akimimina, wao wakisugua, akawaimbia:

*Kiganja kwa kiganja, salimianeni.*
*Mgongo wa mkono, toka mafichoni.*
*Kidole kwa kidole, piteni uchochoroni.*
*Ukucha, fungua mlango: umeficha nini?*

Kwenye "umeficha nini" kila mtoto alichungulia chini ya kucha zake na kutaja alichokikuta. Mmoja alitaja tope. Mmoja alitaja ugali wa jana. Sufiani alisema kwake kuna mbuzi mzima. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini, na kwa kuwa wamekaa chini, ikabidi wanawe tena.

Kesho yake wimbo. Kesho kutwa wimbo. Kabla ya chakula wimbo, wakitoka chooni wimbo. Hapakuwa na fimbo, hapakuwa na kukaripia. Haukupita muda, Chausiku akawa haimbi tena. Mtoto aliyetoka chooni bila kunawa alizomewa na wenzake, "Umeficha nini? Umeficha nini?" mpaka akarudi.

Lakini maji yalihitaji mtu wa kuyamimina, na watoto walikuwa wengi. Hapo ndipo alipoingia Mbaruku.

Mbaruku alikuwa jirani yake Chausiku. Alikuwa fundi wa vibuyu na fundi wa kuketi. Alichonga nakshi juu ya vibuyu, akaviuza gulioni, na kazi yoyote iliyomtaka asimame aliikwepa. Chakula alikula kwa Chausiku, kwa hesabu za ujirani. Chausiku akamwambia, "Kaka, anayekula hapa humimina hapa." Mbaruku akamimina siku ya kwanza. Akamimina siku ya pili. Siku ya tatu akasema mgongo.

"Mgongo umefanya nini?"

"Umeniuliza kama mimi ni mtumishi wa vidole."

Alirudi kwake akachagua kibuyu, akakitoboa tundu dogo karibu na shingo, akakijaza maji, akakining'iniza kwenye mti wa uani kwa Chausiku. Kibuyu kikiinamishwa, maji yalichirizika kama uzi. Watoto wakakirukia kwa mikono ya matope. Mbaruku akapiga kelele, kwa maana ile nakshi ilimchukua mwezi. Akafunga kamba shingoni mwa kibuyu, ncha ya pili akaifunga kwenye kijiti kilicholala chini. "Mtu akanyage kijiti," alisema. "Atakayegusa kibuyu changu kwa mkono, nitamchonga yeye."

Mtoto alikanyaga kijiti, kibuyu kikainama, maji yakachirizika, mtoto akanawa, maji yake yakaenda ardhini. Aliyefuata alikanyaga, akapata maji yake mwenyewe. Kibuyu kimoja kiliwatosha wote, na maji yalibaki. Mbaruku alirudi kukaa.

Sasa katika kijiji hicho alikuwako mwanamume akiitwa Hoza, mkewe Zubeda. Walikuwa wamepata Mgeni, akapita. Wakapata Mgeni mwingine, akapita. Wakapata wa tatu, msichana. Zubeda hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Lakini alipomleta mtoto huyu kwa Chausiku kwa mara ya kwanza, alichelewa kumwachia mkono.

"Shoga," alisema, "huyu mfundishe yale ya kunawa."

"Hajui hata kusimama sawasawa."

"Mfundishe hivyo hivyo."

Chausiku alimfundisha. Mgeni alikuwa bado anayumba, akakanyaga kijiti kwa miguu yote miwili, akamwagikiwa kifuani, akafurahi. Vidole vyake vilipishana uchochoroni bila utaratibu. Lakini alijua kwamba chakula huja baada ya maji, na mtu akimnyooshea kipande cha muhogo kabla hajanawa, alikificha kichwa chake nyuma ya kanga ya Chausiku.

Ukisikia hivyo utadhani shida imekwisha. Haikwisha. Vuli iliponyesha, tumbo la kuendesha liliingia Kwambago kama mwaka jana, na watoto wa Chausiku waliugua kama watoto wengine. Kisimani wanawake walimchokoza.

"Chausiku, watoto umewageuza bata. Wanashinda majini."

"Wananawa mpaka kucha zinataka kuhama, na matumbo ni yale yale."

"Labda umewafundisha wimbo wa tumbo badala ya wimbo wa mikono!"

Wakacheka. Chausiku alicheka nao kidogo, akajitwika mtungi akaondoka. Njiani alihesabu moyoni kila alichokifanya na hakuona alipokosea. Mchana watoto walinawa. Majivu yalikuwapo. Kibuyu kilikuwapo.

Kisha Mgeni wa Hoza akaugua. Macho yaliingia ndani, midomo ikakauka. Zubeda alimpakata usiku na mchana, akimpa maji yenye chumvi na uji mwepesi, tone kwa tone. Chausiku alikwenda kila jioni akaketi mlangoni. Hapakuwa na la kusema, naye hakusema. Baada ya siku kadhaa mtoto aliomba muhogo. Zubeda alimkatia, na mtoto, na udhaifu wake wote, akanyoosha mikono kwanza apewe maji.

Wakamletea bakuli.

Hoza alikuwa na mama yake, Bi Mwanamize. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, na nyumba yao ilikuwa kubwa kuliko zote hapo Kwambago. Bakuli lilianzia kwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na mtu anayenawa wa kwanza haoni maji ya mwisho. Bi Mwanamize aliyaona maji yakiwa yanametameta, akatia mikono, akayapeleka mbele, na hakujua tena habari zake.

Jioni ile alikuwa ametoka kwenye matanga kijiji cha pili, akachelewa. Akakuta watu wamekwisha nawa. Hoza alinawa akitoka kusafisha zizi. Shemeji yake Bi Mwanamize, Mzee Kiluwasha, alinawa akitoka kutia samadi shambani. Vijana walinawa. Zubeda alinawa. Bakuli lilikuwa sasa mbele ya mtoto. Watu walipomwona Bi Mwanamize mlangoni walisimama, na kijana mmoja akalinyakua bakuli ili amwage maji yale, amtilie bibi maji mapya.

"Acha," Bi Mwanamize alisema. "Mtungi una maji ya kupikia tu. Nitanawa hayo hayo."

"Bibi, haya yamekwisha pita."

"Si ndiyo yenye baraka? Lete."

Kijana hakusogea. Bi Mwanamize akamfuata, akaliinamia bakuli. Maji yalikuwa na rangi ya chai. Juu pameelea mabua, chini pametulia kitu ambacho hakutaka kukitaja kwenye chakula. Alinyanyua kichwa akamtazama mjukuu wake, mikono bado ameinyoosha.

"Haya ndiyo mnayompa mtoto?"

"Ndiyo tuliyopewa sote, mama," alisema Hoza.

Bi Mwanamize alilibeba bakuli mpaka nje akalimwaga kwenye migomba. Aliporudi alisema, "Kesho aitwe yule mvivu wa vibuyu. Kitundikwe kimoja hapa mlangoni. Na kuanzia kesho wananawa watoto kwanza. Kisha nyinyi. Mimi wa mwisho."

Mzee Kiluwasha alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alisimama. "Shemeji, mkubwa akinawa baada ya mtoto, mtoto atamheshimu kwa lipi?"

"Aniheshimu kwa kuwa hai," alisema Bi Mwanamize.

Mzee Kiluwasha alikwenda kula kwa mwanawe, na hakurudi kula pale tena. Wazee wenzake Bi Mwanamize walisema amerudi utotoni. Wapo waliomwita "mtoto Mwanamize" akipita. Walipofanya karamu hawakumkalisha mbele, maana mtu anayenawa mwisho hukaa mwisho. Alikaa mwisho. Lakini nyumba yake ilikuwa kubwa, na nyumba ndogo hutazama nyumba kubwa. Wake wa majirani walikuja kuuliza kibuyu kinatundikwaje. Kila mlango ukapata kibuyu. Kila mlango ukapata watoto wanaoimba. Mabakuli yakafanywa ya kunyweshea kuku.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha, nyasi zikaota mpaka madirishani, kisima kikafurika. Watu wakangoja tumbo la kuendesha. Liligonga hapa, likagonga pale, halikukaa. Masika yakapita. Mgeni wa Hoza alikuwa amenenepa, anakimbiza kuku.

Hoza akachinja mbuzi. Zubeda akapika ubwabwa. Uani likawekwa sinia la siku ya jina, na desturi ya sinia hilo ni kwamba hakuna anayetia mkono mpaka jina limetajwa. Mgeni alivishwa kanga mpya. Alipoona sinia alikwenda mlangoni peke yake, akakanyaga kijiti, akaimba wimbo kwa ulimi wake mzito, akachungulia kucha zake, akasema kwa sauti, "Hamna!" Watu wakapiga makofi. Kisha akaja akakaa.

Hoza akasimama. "Jamaa zangu, huyu amekaa. Wale wawili hawakukaa. Aliyemkalisha huyu ndiye atakayempa jina. Nani alimkalisha?"

Chausiku alisimama. Hakuwa amepanga kusimama, ila magoti yalikwisha nyooka.

Mbaruku naye alisimama. Watu walishangaa, maana Mbaruku kusimama ilikuwa habari.

Kule mwisho wa mkeka, Bi Mwanamize alishika fimbo yake akasimama.

"Basi semeni," alisema Hoza. Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye furaha tupu.

Chausiku alisema, "Hoza, kibuyu hakimwiti mtoto. Bibi naye hawezi kumfuata mtoto kila aendako. Mmemwona sasa hivi. Nani kamwambia aende kunawa? Hakuna. Amekwenda kwa sababu mkono wake unaona haya kula mchafu. Haya hiyo nimeitia mimi, kidole kwa kidole, mkiwa shamba. Chukueni kibuyu leo, atatafuta maji kwingine. Mimi nampa jina la mama yangu, Mwanamvua. Sina mwingine wa kulibeba."

Mbaruku alisema, "Dada, nakula kwako na sikukani. Uliwafundisha kunawa, nao wakaelewa vizuri, wakaenda majumbani kunawa kwenye mchuzi." Watu wakacheka. Mbaruku akaendelea. "Kabla yako, mtoto alikula uchafu wake mwenyewe. Mwanafunzi wako akala uchafu wa ukoo mzima, na wimbo juu. Kilichotenga maji ya huyu na maji ya yule ni kibuyu. Hapana kibuyu, hapana kunawa, pana kuchovya tu."

"Ulikitoboa ili upate kuketi!" alisema Chausiku.

"Nilikitoboa ili nikae, na kimefanya kazi nikiwa nimekaa. Mganga akitibu huku anapiga miayo, mgonjwa hukataa kupona?"

"Hata wewe mwenyewe hunawi mpaka ukemewe."

"Sikuja kuombea mikono yangu, nimekuja kuombea kibuyu." Kisha Mbaruku akapunguza sauti. "Nilikuwa na mdogo wangu. Alipita akiwa Mgeni. Mama alikuwa amemwekea jina moyoni, Mashavu, akakosa mtu wa kumpa. Mimi ndiye pekee ninayelijua. Nataka liitwe na wengine."

Kicheko kiliisha. Hata Chausiku alitazama chini.

Bi Mwanamize alisema, "Wote wawili mmesema kweli. Wimbo uliimbwa uani kwa Chausiku, kibuyu kikaning'inia uani kwa Chausiku, na watoto walirudi majumbani wakakuta bakuli. Nani miongoni mwenu alithubutu kumwambia mkubwa wa nyumba, 'Maji yako ni machafu'? Hakuna. Wewe Chausiku uliketi mlangoni pangu jioni nyingi, mtoto yuko taabani, na ulinyamaza."

"Sikujua, mama."

"Na ungejua, ungesema?"

Chausiku alikunja ncha ya kanga yake.

"Ungekaa kimya. Ndiyo adabu yetu. Ilibidi atoke mkubwa avunje ukubwa wake mwenyewe. Nimekaa mwisho wa mkeka. Nimeitwa mtoto. Shemeji yangu hali chakula changu. Nyinyi mlitoa maarifa, mkabaki na heshima zenu. Mimi nimetoa heshima. Na bibi kumpa mjukuu jina lake si jambo geni. Aitwe Mwanamize."

Mbaruku alikohoa. "Bi Mkubwa, uniwie radhi. Bakuli lilikuwa lako. Wale wawili waliopita, walinawishwa humo. Anayefungua mlango alioufunga mwenyewe, tumpe zawadi ya kuufungua?"

Hoza aliinamisha uso. Watu walidhani mwanamke yule mzee ataketi, au atalia, au atainua fimbo. Hakufanya lolote.

"Niliufunga," alisema. "Sikujua nimeufunga, lakini niliufunga. Sasa niambie, Mbaruku: ufunguo ulikuwa na nani mwingine?"

Mbaruku alirudi nyuma hatua moja.

Watu wakaanza kugawanyika. Kina mama wengi walisema Chausiku, kwa kuwa mtoto akishajifunza hasahau, na wao wanalala usingizi kwa ajili hiyo. Vijana walisema Mbaruku, kwa kuwa tendo huhesabiwa kwa matunda yake, na nia ya mtu anaijua Mungu. Wazee, wale wale waliomcheka Bi Mwanamize, wakasema Bi Mwanamize, kwa kuwa maarifa hupatikana kwa wengi, lakini mtu wa kushuka kwenye kiti chake hapatikani kila masika. Mwanamke mmoja aliyemchokoza Chausiku kisimani alisema, "Mimi nilimwita mwalimu wa bata, na leo nasema jina ni lake." Mzee mmoja akamjibu, "Wewe unatafuta msamaha, hutafuti haki."

Chausiku alimtazama Bi Mwanamize, jinsi alivyoegemea fimbo kule mwisho wa mkeka, na akataka kuketi. Kumwachia mkubwa kulikuwa rahisi, na watu wangemsifu. Akamtazama Mbaruku, aliyesimama muda mrefu kuliko alivyopata kusimama, na akataka kuketi. Kisha akajaribu kulisikia jina la mama yake likiitwa uani jioni, mtoto akiitikia kutoka nyuma ya nyumba. Hakuketi.

Hoza alimgeukia mkewe. "Zubeda, wewe unasemaje?"

Zubeda alimpakata mtoto. "Mimi nimezika wawili bila jina la kuwalilia. Wote watatu hawa ningewabusu miguu. Jina lolote kati ya hayo nitalipenda. Lakini nataka nimwite mwanangu leo, si kesho. Na yeye ana njaa."

Hoza akatazama upande huu, akamwona aliyemfundisha mwanawe. Akatazama upande ule, akamwona aliyemtengenezea maji yake mwenyewe. Akatazama mwisho wa mkeka, akamwona mama yake, aliyeshuka ili mtoto apande. Ubwabwa ulikuwa unapoa. Mtoto aliushika mkono wa baba yake akauvuta kuelekea kwenye sinia. Hoza akamwinua juu ya bega ili watu wote wamwone, akavuta pumzi ya kutaja jina.

Mwanamvua, Mashavu, au Mwanamize? Nyinyi mliosikiliza mkiwa mmeketi, msiondoke kabla hamjamsaidia Hoza, maana watu wa Kwambago wananong'ona mpaka leo. Chausiku alimtia mtoto tabia, lakini tabia hiyo ilimpeleka kwenye bakuli. Mbaruku alileta kibuyu, lakini alikitoboa kwa uvivu. Bi Mwanamize alitoa heshima yake, lakini bakuli lilikuwa lake. Mmoja akikosekana, Mgeni angepita kama waliomtangulia. Je, nani alistahili kumpa jina?